Seli za kitunguu zinaonekana kama ukuta wa matofali matupu. Kosa liko wapi?

Mwl_Igoma

Habari za jioni wakuu. Naandaa somo la vitendo kuhusu seli, Kidato cha Kwanza, wanafunzi 60. Hadubini ziko nne, zote za kioo cha kuakisi mwanga. Lenzi za chini ni x4, x10 na x40, ya jicho x10. Kabatini kuna iodini, slaidi zisizozidi 30, vifuniko vya kioo vya kuhesabu, wembe, vibanio na mirija ya kudondoshea. Methilini bluu imekwisha.

Nimejaribu vitu vitatu kabla ya kuwaingiza wanafunzi na vyote vimegoma. Ngozi ya kitunguu inaonyesha mistari tu, kiini hakuna. Tena iodini haikugeuka bluu-nyeusi, sasa sijui imeharibika au vipi. Seli za shavu sizioni kabisa, ni mwanga mweupe mtupu. Damu ya sato wa soko la Mwaloni, aliyekuwa kwenye barafu, niliichanganya na maji kidogo isigande. Nikapata maji ya pinki bila seli hata moja.

La nyongeza: wanafunzi huuliza mitokondria iko wapi, maana kwenye mchoro wa kitabu ni kubwa kama harage. Nawajibuje? Na kuna nini cha hapa hapa Ziwa Victoria ninachoweza kutumia badala ya kuchora ubaoni?

Lenzi40

Mwalimu, iodini yako usiitupe. Kitunguu hakihifadhi wanga, akiba yake ni sukari, kwa hiyo hakuna cha kuigeuza bluu-nyeusi. Ukitaka kuikagua, kwangua muhogo mbichi au kiazi mviringo kwa ncha ya wembe, weka ute huo kwenye slaidi, dondoshea tone moja. Ikiwa nyeusi papo hapo, iodini ni nzima. Kwenye kitunguu inafanya kazi nyingine: inapaka kiini rangi ya manjano iliyokolea hadi hudhurungi, na saitoplazimu, ule ute unaozunguka kiini, manjano hafifu.

Sasa kiini. Kwa maelezo yako nahisi mwanga umezidi. Kioo kikielekezwa kwenye anga la saa sita huku tundu la chini ya jukwaa limefunguliwa lote, chochote chenye rangi hafifu kinafutika na kuta pekee ndizo hubaki. Funga tundu hadi kama robo, kisha fungua kidogo kidogo mpaka picha ipate kivuli. Kioo kielekee anga au ukuta mweupe, kamwe si jua lenyewe: jua likipita kwenye lenzi linaunguza jicho.

Pili, ngozi yenyewe. Kata kitunguu mara nne, chukua tabaka la tatu au la nne kutoka nje, likunje kwa nyuma hadi livunjike, halafu kwa kibanio vuta kile kiwambo laini kilicho upande wa ndani, ule uliobonyea. Kipande cha milimita 5 kwa 5 kinatosha. Kitie kwenye tone la maji saa hiyo hiyo, kwa sababu kikikaa hewani nusu dakika kinajikunja na kukauka, na seli zilizopandana hutasoma kitu. Weka tone moja la iodini, subiri dakika mbili hadi tatu. Kifuniko kisimamishe kwa ukingo mmoja, nyuzi kama 45, kishushe taratibu kwa sindano. Ukikiangusha bapa unafungia hewa ndani. Viduara vyenye ukingo mweusi mnene ni mapovu, na kila mwaka kuna mwanafunzi anayevichora na kuviandika "kiini". Iodini iliyozidi ifyonze kwa karatasi ya shashi upande wa pili, isije ikafika kwenye lenzi ya x40.

Tatu, na hili ndilo la kuwaeleza wanafunzi: lile tofali si tupu. Katikati kumejaa vakuoli, mfuko wa maji yenye sukari, chumvi na rangi. Vakuoli imeisukuma saitoplazimu hadi pembeni, ikabaki tabaka jembamba kama plasta kwenye ukuta wa ndani wa nyumba, na kiini kimo ndani ya plasta hiyo. Ndiyo maana mara nyingi utakikuta kimebanwa ubavuni. Seli nayo ina kina, si picha bapa. Ukiwa kwenye x40 zungusha nobu ndogo polepole mbele na nyuma; kiini kisichoonekana kwenye kiwango kimoja kinajitokeza kwenye kingine. Nobu kubwa ni ya x4 tu. Ukiigusa ukiwa x40 unavunja kifuniko, na vyako ni vya kuhesabu.

Jambo jingine: mstari unaouona kati ya seli na seli ni ukuta wa seli, wa selulosi. Si utando, ile ngozi laini inayofunika saitoplazimu. Utando una unene wa nanomita 7 hadi 10, na hadubini ya mwanga haiwezi kutenganisha vitu vilivyo karibu kuliko nanomita 200 hivi. Mwanafunzi anayeandika "utando wa seli" kwenye mstari ule anarudia kitabu, hajaangalia.

Utando unaonyeshwa kwa chumvi. Tumia kitunguu chekundu, ngozi ya nje ya tabaka, ile yenye zambarau. Iodini usiweke, kwa sababu inaua seli, na utando uliokufa hauzuii kitu. Itazame kwanza kwenye maji: zambarau imejaa seli nzima. Kisha gramu 10 za chumvi ya mezani kwenye mililita 100 za maji, yaani vijiko viwili vya chai vya kusawazisha au karibu na hapo. Dondoshea ukingoni mwa kifuniko, upande wa pili vuta kwa shashi. Ndani ya dakika chache zambarau inajikusanya, inaachana na ukuta, inabaki kama puto ndani ya boksi. Ukingo wa puto hilo ndipo utando ulipo. Rudisha maji safi kwa njia ile ile nalo linavimba tena. Lisipovimba, chumvi ilikuwa kali mno au imekaa muda mrefu, seli zimekufa.

MamaSlaidi

Naongezea shavu. Seli za shavu hazina rangi wala ukuta. Bila kuzipaka kitu kwenye mwanga mkali ni kama kutafuta kioo ndani ya maji. Methilini bluu ikiwa imekwisha, nenda duka la dawa ununue jivii, ile dawa ya zambarau ya vidonda vya mdomoni. Ni kali kwa kazi hii, kwa hiyo tone moja kwa matone 20 ya maji. Bila kuizimua seli nzima inakuwa doa jeusi na kiini kinapotelea humo.

Mwanafunzi asukutue kwanza, la sivyo utapata mabaki ya ugali. Apitishe pamba ya masikio ndani ya shavu mara tano au sita, kwa upole, kisha aisugue kwenye slaidi eneo la sentimita moja. Hapa ndipo wengi wanakosea: wanaweka rangi papo hapo na kusuuza, seli zote zinaondoka na maji. Acha slaidi ikauke hewani dakika mbili tatu. Ndipo uweke tone la rangi, dakika moja, suuza kwa kudondosha maji pembeni, funika.

Kwenye x10 tafuta vipande vilivyotawanyika, vyenye kingo zisizo na mpangilio, vingine vimekunjika kama chapati. Hamia x40, kiini ni kitone kilichokoza karibu na katikati. Vidoti vidogo sana juu ya seli ni bakteria wa mdomoni, na ni bahati kuwa navyo: mwanafunzi anaona seli ya bakteria na seli yake pamoja, tofauti ya ukubwa haihitaji maelezo.

Kila mtu na pamba yake. Pamba na slaidi vikitumika viingie kwenye jiki: kama chupa imeandikwa asilimia 3.5, sehemu moja kwa sehemu sita za maji, dakika 10 kabla ya kuosha. Na damu ya binadamu isiguswe darasani, kuna VVU na homa ya ini. Samaki anatosha.

Nyegezi_Maabara

Damu ya sato uliipasua mwenyewe, mwalimu. Ndani ya seli nyekundu kuna chumvi na protini. Ukiitia kwenye maji matupu, maji yanaingia kwa osmosisi, seli inavimba, na kwa kuwa haina ukuta inapasuka. Pinki uliyoiona ni himoglobini, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni, iliyomwagika. Kitunguu kwenye maji yale yale hakipasuki, ukuta unakizuia. Hilo peke yake ni somo zima la tofauti ya seli ya mmea na ya mnyama, ukiliweka kwenye vikombe viwili mbele ya darasa.

Barafu nayo imechangia. Ikiyeyuka ni maji yasiyo na chumvi, yanapita kwenye matamvua saa nzima. Mnunue asubuhi akiwa bado hajawekwa barafu, kata mashavu, gusisha slaidi kwenye damu inayotoka kwenye matamvua. Tone dogo kuliko punje ya mchele. Slaidi ya pili iegemeze nyuzi 30 hadi 45, iguse tone, damu itambae ukingoni, kisha isukume mbele kwa mkupuo mmoja. Damu ya samaki huganda upesi, usiende kutafuta kalamu. Ukitaka kuziona zikiwa hai, changanya tone na maji ya chumvi ya gramu 7 hadi 9 kwa lita.

Slaidi iliyokauka itie methanoli dakika mbili, iache ikauke, halafu rangi ya Gimsa asilimia 10 kwa dakika 10, ile ile wanayotumia zahanati kupima malaria. Ikikosekana, jivii iliyozimuliwa ya MamaSlaidi itakutoa.

Utakachoona ni seli zenye umbo la yai, kila moja na kiini katikati. Seli nyekundu ya binadamu haina kiini: hukitupa inapokomaa, ikabaki kisahani kilichobonyea cha mikromita 7 hadi 8, nafasi yote imeachiwa himoglobini. Gharama yake ni kwamba haiwezi tena kutengeneza protini mpya, inachakaa na kuondolewa baada ya siku 120 hivi. Hapo mwalimu ingiza selimundu, maana Kanda ya Ziwa karibu kila darasa lina mtu anayemjua mgonjwa. Kasoro ni asidi amino moja tu, yaani kiungo kimoja cha kujengea protini, kwenye himoglobini: valini mahali pa glutamiki, nafasi ya sita. Oksijeni ikipungua, himoglobini hiyo inaungana kuwa nyuzi ndefu, seli inavutwa kuwa na umbo la mundu, inakwama kwenye mishipa midogo. Maisha yake yanashuka hadi siku 10 au 20.

Mdau_Kirumba

Kuhusu mitokondria waambie ni za wanyama, mimea inatumia kloroplasti. Ukipata lenzi ya x100 ya mafuta utaziona vizuri tu.

Lenzi40

Mkuu, yote mawili hapana. Mmea una vyote viwili. Kloroplasti inatengeneza sukari kwa mwanga. Mitokondria inaivunja sukari hiyo kwa oksijeni kupata ATP, nishati ambayo ndiyo seli inaitumia. Usiku kloroplasti haitengenezi sukari. Mizizi ya gugumaji haipati mwanga wa maana lakini inafyonza madini usiku na mchana. Inaishi kwa nini kama si mitokondria?

Na x100 inakuza, lakini mitokondria ina upana wa mikromita 0.5 hadi 1 na haina rangi. Bila rangi maalumu ya seli hai huioni. Lile umbo la harage ni kipande kilichokatwa na kupigwa picha kwa hadubini ya elektroni. Ndani ya seli hai nyingi ni nyuzi zinazoungana na kuachana kila wakati.

Mwalimu, jaribu hesabu hii ubaoni. Seli ya shavu ina upana wa mikromita 60 hivi. Ikuze hadi iwe uwanja wa mita 60, kila mikromita imekuwa mita. Kiini ni chumba cha darasa, mita 6 hadi 8. Mitokondria ina upana kama wa dawati. Ribosomu, kile kiwanda cha kuunga protini, nanomita 25 hivi, ni kizibo cha soda kilichoangushwa uwanjani, na vimeangushwa mamilioni. Utando uliozunguka uwanja mzima una unene wa milimita 8, kama kidole cha mtoto. Mwanafunzi akishaona hivyo hataulizia ribosomu kwenye x40.

Kama unataka kuwaonyesha kazi ya mitokondria bila kuziona, mwombe muuza minofu akuachie kipande cha sangara chenye ngozi. Chini ya mstari wa ubavuni kuna utepe wa nyama nyekundu-kahawia, nyingine yote ni nyeupe. Utepe ule unaogelesha samaki taratibu siku nzima, umejaa mitokondria na mayoglobini ya kushika oksijeni. Nyama nyeupe ni ya mruko wa ghafla anapomkimbilia dagaa, mitokondria zake ni chache, inachoka haraka.

Mwl_Igoma

Ahsanteni sana. Nimefunga tundu la mwanga, viini vimejitokeza bila kubadilisha kitu kingine. Sasa upande wa ziwani: nichukue nini, na nichukueje? Kuna mwenzangu kasema nichemshe maji kwanza kwa ajili ya kichocho.

MamaSlaidi

Ukichemsha umepika ulichotaka kukiona.

Nyegezi_Maabara

Kichocho ni cha kweli, lakini tiba yake si moto. Kinachoingia kwenye ngozi ni vilui, yaani watoto wadogo sana wa minyoo ya kichocho, vinavyotoka kwa konokono wa majini, na vya kichocho cha tumbo hutoka kwa wingi jua likiwa kali. Chota asubuhi mapema, ukiwa gatini au juu ya jiwe, kwa ndoo yenye kamba, glavu mkononi. Wanafunzi wasiingie majini. Ukifika, toa konokono wote pamoja na mayai yao kwenye majani, kisha acha ndoo wazi siku mbili. Vilui haviishi zaidi ya saa 48 bila kupata mwili wa kuingia. Konokono akibaki ndani, hesabu ya siku mbili haina maana kwa sababu anaendelea kutoa vipya.

Cha kuchukua kwanza ni hidrila, lile jani-maji linalonasa kwenye nyavu ufukoni: shina refu jembamba, majani madogo manne hadi manane yamezunguka kila kifundo, kingo zina meno. Jani lake lina unene wa seli mbili tu, hukati wala hupaki rangi. Ling'oe zima, liweke kwenye tone la maji ya ziwani, funika, kaa nalo kwenye mwanga dakika 10 hadi 15. Kwenye x40 karibu na mshipa wa katikati utaona kloroplasti zinatembea kwa foleni kando ya ukuta, zinakata kona, zinarudi. Si kloroplasti zinazoogelea. Saitoplazimu ndiyo inayozungushwa na protini zake, na zenyewe zimebebwa. Zikisimama, angalia kama jani lilitoka kwenye friji au maji yamekauka chini ya kifuniko.

Cha pili ni ule utando wa kijani unaofunika maji kwenye Ghuba ya Mwanza kunapokuwa shwari, unaofanana na rangi iliyomwagika. Wengi huuita mwani, lakini mara nyingi ni sayanobakteria, aina ya Microcystis na jamaa zake. Kwenye x40 ni vidoti vilivyosongamana ndani ya ute. Hakuna kiini, hakuna kloroplasti. Kijani kimeenea seli nzima. Weka slaidi hii kando ya ile ya hidrila na tofauti ya prokarioti (seli isiyo na kiini) na yukarioti (yenye kiini) wataiona kwa macho. Zinaelea kwa sababu ya vijimfuko vya gesi ndani ya seli. Glavu hapa ni lazima, na maji hayo yasiingie mdomoni: baadhi hutoa sumu ya ini, na kuchemsha hakuiondoi.

Cha tatu, mashapo ya chini ya ndoo yenye majani yaliyooza. Humo utapata paramesiamu, viumbe vya seli moja. Wanakimbia sana, kwa hiyo weka nyuzi chache za pamba chini ya kifuniko ziwazuie. Tazama kiduara kinachojaa na kutoweka, kinajaa tena. Ni vakuoli inayotoa maji nje. Ziwa letu ni la maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kwa hiyo maji yanaingia kwenye seli ile bila kukoma, na ukuta haina. Bila pampu hiyo ingeishia kama damu ya sato wako. Kwa upande wa pili wa jambo lile lile wakumbushe kayabo, samaki wa kukaushwa kwa chumvi: chumvi inanyonya maji kutoka kwenye nyama na kwenye bakteria, nao bakteria hawawezi kukua.

Binti_Ukerewe

Mwalimu, kwa ribosomu na Golji tumia bondo, kile kifuko cha hewa cha samaki. Wanafunzi wa Mwanza wote wanajua bondo la sangara linauzwa ghali kuliko nyama, lakini hawajui ni kitu gani: kwa sehemu kubwa ni kolajeni, protini ya nyuzi iliyo nje ya seli. Seli haikuwa nayo nje tangu mwanzo, iliitengeneza na kuitoa. Agizo limetoka kwenye DNA ndani ya kiini, likanakiliwa kuwa RNA, ribosomu zilizobandikwa kwenye retikulamu, mtandao wa utando ndani ya seli, zikaunga asidi amino, minyororo mitatu ikasokotana kama kamba ya katani, Golji ikafungasha, vifuko vikabeba hadi kwenye utando na kumwaga nje. Ukivuta bondo lililokaushwa halikatiki kirahisi, sababu ni ule msokoto.

Mwl_Igoma

Swali la mwisho wakuu. Mtihani unataka ukubwa wa seli, nami sina rula ya hadubini.

Lenzi40

Weka rula ya plastiki yenye milimita chini ya x4 na uhesabu upana wa duara la mwanga. Tuseme umepata milimita 4.5. Kwenye x10 duara linapungua kwa uwiano wa 4 kwa 10, linakuwa 1.8, yaani mikromita 1,800. Kwenye x40 ni 0.45. Usijaribu kupima kwa rula kwenye x40, duara zima ni dogo kuliko milimita moja. Sasa hesabu seli za kitunguu zilizojipanga kwa urefu kutoka ukingo hadi ukingo kwenye x10. Zikiwa sita, kila moja ni mikromita 300. Mwanafunzi akiichora kwa urefu wa milimita 90, mchoro umekuza mara 300. Asiandike x100 kwa sababu tu alitumia lenzi ya x10; hiyo ni ya hadubini, si ya mchoro wake.

Na ukimaliza, lenzi zifutwe kwa karatasi ya lenzi, hadubini zirudi kabatini na mfuko wa silika jeli, zile punje za kunyonya unyevu. Kwa unyevu wa huku ziwani kuvu inaota kwenye kioo ndani ya lenzi, na ikishakula ile rangi ya juu ya kioo haifutiki.